Gari Lililokufa Kila Jumatatu

Kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi gari lile halikuwa na ugonjwa wowote. Ukigusa ufunguo tu, linaitika. Lakini Jumatatu asubuhi lilikuwa maiti. Dominika, muuguzi mkunga aliyezunguka nalo Ufipa nzima akipima wajawazito na kuchanja watoto, alikuwa na swali moja ambalo hakupata wa kumjibu: gari linajuaje kwamba leo ni Jumatatu?

Lilikuwa gari la aina yake, nyumba kamili juu ya magurudumu. Ndani mlikuwa na kitanda, beseni la kunawia, kabati, friji ndogo ya chanjo, taa tatu darini na redio yenye sauti ya kuamsha kijiji. Wafadhili walikuwa wamelileta kutoka Ulaya, walikokuwa wakilala humo wakati wa likizo zao, na mkoa ukaligeuza kliniki. Watu wakaliita Nyumba ya Sista, japo Sista mwenyewe hakuwa na ufunguo wake. Ufunguo ulikuwa wa Halfani.

Halfani alikuwa dereva, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, mzaliwa wa mtaa wa Majengo mjini, katika ukoo wa wenye maduka na malori. Aliyajua magari kama mpishi wa shughuli anavyoujua moto. Kwa ugonjwa wa Jumatatu alikuwa na dawa moja, nayo ni mteremko. Popote walipokwenda, aliegesha gari pua ikitazama bondeni. Asubuhi akilegeza breki, likabingirika, akaachia klachi, likawaka. Kwa hiyo kule hospitali ya mjini hakuegesha mlangoni hata siku moja, maana mlangoni pako sawa. Aliegesha chini kabisa karibu na uzio, kwenye mteremko, na wagonjwa wakapanda kilima kwa miguu yao huku wakishikilia viuno.

"Ni baridi," Halfani alisema, Dominika alipomuuliza. "Hapa si Tanga, Sista. Baridi ya Ufipa inagandisha hata mate."

"Na Jumatano hakuna baridi, kaka Halfani?"

"Sista, wewe pima watu. Gari niachie mimi."

Wengine walinong'ona kwamba gari limetupiwa kitu. Dominika alilifikiria na hilo, maana mzaliwa wa Sumbawanga halidharau neno kama hilo. Lakini mchawi anayefuata kalenda kwa uaminifu kiasi kile, aliona, angekuwa ameshaajiriwa serikalini zamani.

Swali hili lingebaki la kupitishia muda barabarani kama si Skolastika wa Itindi. Itindi ni kijiji cha Ujamaa kilichopangwa nyumba kwa mistari katikati ya uwanda, tambarare tupu, pasipo mteremko hata wa kuviringisha chungwa. Skolastika alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kwa sababu moja: mtoto kulala kingamo tumboni, na uchungu kumkuta mama njiani, juu ya machela, kabla ya kufika kwa mpasuaji. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mwezi uliopita Dominika alimpapasa tumbo akakuta kichwa ubavuni, mahali pasipo pake. Akamwambia, "Zamu ijayo nakuja Jumamosi, na Jumatatu tunaondoka wote. Utasubiria uchungu mjini, mlango wa pili kutoka chumba cha upasuaji."

Skolastika alilitazama gari, akamtazama mumewe Alois, kisha akasema kwa upole, "Jumatatu, Sista? Jumatatu hii ya kwenu?"

Dominika aliona haya. Asubuhi ile ile gari lilikuwa limegoma, na kwa vile Itindi hakuna mteremko, lilivutwa na maksai wa Alois mpaka adhuhuri ndipo likakohoa na kuwaka. Watoto waliimba. Kitu cha serikali, kimetoka Ulaya, kimefungwa kamba kama plau. Akarudi mjini amenuna, na lile swali sasa lilikuwa limekaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Alianza kuchunguza. Jumanne mchana ya juma la kurudi Itindi, gari likiwa Majengo, alipiga magoti chini ya kitanda kutafuta bunda la pamba, mkono wake ukagusa kitu cha baridi. Kilikuwa kishikio cha shaba, kirefu kama kidole, kimelala juu ya kibao chenye nyaya mbili nene.

"Kaka Halfani, hiki ni nini?"

Halfani aliinama kwa shida. "Ah, hicho. Gari hili lina betri mbili. Ya mbele ni ya injini, inapiga stata. Ya nyuma ni ya nyumba, ndiyo ya taa, friji na redio. Kishikio kikilala hivi, betri zimeshikana. Ukikisimamisha, zimeachana."

"Nani alikilaza?"

"Mimi, tangu nilipokabidhiwa." Akajifuta jasho, na sauti yake ikapata ule mwendo wa mtu aliyezoea mikutano. "Mzungu aliyelileta alinisisitizia, kila nikizima injini nikisimamishe, kila nikiwasha nikilaze. Nikamtazama tu. Ndugu wawili, nyumba moja, kila mmoja apike chungu chake? Hiyo ni tabia ya kwao. Sisi hapa tunajenga Ujamaa, Sista. Mwenye nacho amfae asiye nacho. Hata kwenye mkutano wa tawi nililisema, wakanipigia makofi."

Dominika hakubisha. Lilisikika jema, na kwa kweli lilikuwa jema. Lakini usiku akilala aliendelea kukiona kile kishikio kimelala.

Jioni ya kesho yake hakwenda bwenini kwa wauguzi. Alikwenda Kizwite kwa mama yake, Bi Kalista, mkulima wa ulezi na mahindi, mama mkunjufu wa moyo ambaye hakuwahi kumla kuku peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hilo gari linakula nini, wewe?"

Uani palikuwa na wageni, ndugu wa mbali waliokuwa na msiba na waliohitaji ulezi wa pombe ya matanga. Bi Kalista alitia kikapu katika kihenge, ghala la nafaka, akachota, akachota tena, mpaka kikapu kikakwaruza sakafu. Aliwapa wote. Mgeni mmoja, mzee mwenye macho ya haraka, akainua kidole kuelekea darini mwa jiko, juu ya moto, ambako palining'inia kibuyu kikubwa kilichozibwa mdomo kwa udongo.

"Na kile, mama?"

"Kile ni mbegu," alisema Bi Kalista.

"Kidogo tu. Msiba ni msiba."

"Mbegu haina mgeni." Alitabasamu aliposema, lakini hakuinua hata macho kukitazama kibuyu. Wageni wakashukuru, wakaondoka na kikapu chao, wala hakuna aliyemwona mchoyo. Kwa Wafipa wa pale hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kufunga mlango.

Dominika alikuwa amekiona kibuyu kile tangu utotoni asikitazame. Leo alikitazama mpaka shingo ikamuuma.

"Mama, mbegu ile mliitoa wapi?"

"Swali gani hilo? Shambani, kwenye mavuno yale yale. Siku ya kuvuna hakuna ubaguzi, tunajaza kihenge na kibuyu kwa pamoja. Ubaguzi ni siku ya kula. Kihenge kikiisha, utalala njaa, utaomba kwa jirani, utaishi. Ukila kibuyu, mwakani utapanda nini? Meno?"

Dominika akacheka, kisha akaweka kijiko chini.

Jumapili. Siku zile za baada ya vita petroli ilikuwa adimu, na serikali ilikuwa imepiga marufuku magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Basi Halfani, kila Jumapili, alizima injini, akafungua milango yote miwili ya nyuma, akaifungulia redio mpaka mwisho, na kijiji kizima kikakusanyika kusikiliza mpira. Baada ya mpira, salamu za wasikilizaji. Baada ya salamu, taarabu. Friji nayo inanguruma, taa zinawaka, injini imelala. Nyumba ilikula kihenge chake, na kilipokwisha ikapanda darini ikala na kibuyu. Gari halikujua Jumatatu. Lilijua njaa.

"Umepata homa?" mama yake aliuliza. "Mbona macho yanakung'aa?"

Asubuhi ya Alhamisi alimsimulia Halfani habari za kihenge na kibuyu, kisha akamwomba jambo dogo. Gari lilikuwa mteremkoni mbele ya duka la ndugu yake Halfani, kwa hiyo hata likigoma hakuna hasara. Injini ilipozimwa, Dominika alikisimamisha kishikio, akawasha taa zote na redio, akaacha friji ikinguruma. Walikunywa chai. Walikula maandazi. Alasiri taa zikawa za manjano, redio ikaanza kusemea puani, mwishowe ikanyamaza.

"Jaribu stata," alisema Dominika.

Halfani alizungusha ufunguo na injini ikanguruma mara moja. Dominika akaruka, akapiga makofi peke yake kama mtoto wa shule.

Halfani alikuna kidevu. "Sawa. Lakini leo Alhamisi, Sista. Alhamisi huwaka."

"Kaka Halfani!"

"Sikubishii. Nasema hivi: gari halikuwahi kugoma Alhamisi. Umemponya asiyeumwa."

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomkera Dominika. Mwishowe wakapatana. Itindi, kishikio kitasimama tangu Jumamosi, na Jumatatu likigoma, Dominika mwenyewe ataomba maksai.

Wakaenda. Kule Itindi, Skolastika alikuwa ameshafunga kitenge chake na sufuria moja, amekaa juu ya mzigo kana kwamba gari lingeondoka saa hiyo hiyo. Dominika alimpapasa, na kichwa cha mtoto kilikuwa bado ubavuni. "Keshokutwa," alimwambia, na safari hii aliangalia pembeni wakati akisema.

Jumapili mpira ulikuwa mkali. Dominika aliomba wazime redio mapema, lakini jaribu kuwaambia hivyo watu wazima arobaini wakati timu yao imefungwa moja na dakika zinayoyoma. Halfani mwenyewe alikuwa amepanda juu ya kiti. Wakasawazisha, wakashangilia, wakaomba na taarabu kidogo. Dominika alijifariji kwamba wanakula kihenge tu, na kihenge kina ruhusa ya kuisha.

Kisha mawingu yakapanda kutoka upande wa bonde la Rukwa, meusi, na uwanda mzima ukawa giza mchana kweupe. Mvua iliposhuka watu wakatawanyika. Katikati ya mvua ile Alois akaja anakimbia, amembeba mkewe mikononi. Uchungu ulikuwa umeanza.

Halfani alitazama nje. Barabara ilikuwa mto mwekundu. "Mgonjwa anaruhusiwa hata Jumapili, hilo halina neno. Lakini kwenye tope hili tutaishia mtaroni. Mvua ikatike, maji yapungue, tuondoke."

"Washa injini basi tupate taa."

"Petroli niliyonayo ni ya kufika mjini tu, Sista. Ikichomeka hapa, tutamfikisha nusu ya njia."

Dominika alimlaza Skolastika kitandani. Juu yao taa tatu zilikuwa za manjano, zikawa nyekundu, kisha zikawa nyuzi tu ndani ya vioo. Zikazimika. Mpira ulikuwa umezila. Alihitaji kuona kama maji yametoka, kama kitovu cha mtoto kimetangulia, kwa sababu kikitangulia hakuna kusubiri mvua wala tope. Hakuona hata vidole vyake. Skolastika akalia, si kilio cha uchungu, bali cha mtu anayekumbuka. "Imeanza kama zile," alisema. "Imeanza kama zile zile."

Dominika akapiga kelele. "Kaka Halfani! Laza kishikio! Unganisha, nipate taa!"

Halfani alikuwa ameshapiga magoti chini ya kitanda. Alisikika akitafuta, akagusa shaba. Lakini taa hazikuwaka.

"Laza, nakwambia!"

"Sista," alisema Halfani kutoka gizani, na sauti ya mikutano haikuwamo tena. "Nikilaza, utapata taa. Lakini ni ile ya kibuyu. Wewe ndiye uliyesema."

Dominika alitamani kumpiga. Alimchukia, na alimchukia mama yake na kibuyu chake, na zaidi alijichukia mwenyewe na ule udadisi wake, maana bila huo angekuwa na taa sasa hivi. Skolastika alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, na Dominika alijua kwamba mkono ule unaomba taa, na kwamba kinachohitajika si taa.

"Acha kisimame," alisema. "Alois, tafuta koroboi. Nyumba yoyote. Kimbia."

Alois alirudi na koroboi mbili chini ya koti lake, moja imezimika. Kwa ulimi ule mdogo wa moto wenye moshi, Dominika aliinama mpaka nywele zikanuka kuungua, akapima, akapapasa, akapima tena. Maji hayajatoka. Kitovu hakijashuka. Moyo wa mtoto ulipiga upesi na kwa mpangilio chini ya pembe ya kusikilizia. Kulikuwa na muda, si mwingi, lakini ulikuwapo. Akakaa sakafuni akimwimbia Skolastika nyimbo za kanisani kwa Kifipa, moja baada ya nyingine, mpaka mvua ikaanza kuchoka.

Walipofungua mlango, wanaume wa Itindi walikuwa wamesimama nje kwenye tope, suruali zimekunjwa magotini. Walikuja bila kuitwa, kwa sababu Nyumba ya Sista ikitaka kuondoka Itindi husukumwa. Maksai wa Alois walikuwa wameshafungwa nira na kamba imeshapitishwa kwenye bampa. Watu wema, Mungu awabariki. Lakini Dominika aliona kwamba katika tope lile hata maksai kumi wasingelipa gari mwendo wa kuwaka.

Halfani alipanda kwenye usukani. Alisema bismillahi, akatazama kioo cha nyuma ambamo uso wa Dominika ulikuwa, akazungusha ufunguo.

Likawaka.

Liliwaka kwa jaribio la kwanza, kwa sauti ya hasira, na maksai waliokuwa wamelipa kisogo wakashtuka, wakaikata kamba na kutimua mbio uwandani na nira yao. Wanaume walibaki wamenyoosha mikono kusukuma hewa. Mmoja alianguka kifudifudi. Ndani, katikati ya uchungu mmoja na mwingine, Skolastika alicheka. Lilikuwa cheko fupi lililokatwa na maumivu, lakini Dominika alilisikia, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Sasa laza, Sista!" Halfani alipiga kelele juu ya mngurumo. "Injini inavuna! Zijazwe pamoja!"

Dominika alikilaza kishikio. Hawakuwa wamefika mbali, gari likiteleza kushoto na kulia na Halfani akilisemesha kama farasi, pale nyuzi zilipoanza kuwa nyekundu ndani ya vioo, kisha manjano, na mwishowe taa zote tatu zikawaka nyeupe juu ya uso wa Skolastika.

Walifika hospitalini usiku ukiwa umeshaingia. Kule chini karibu na uzio ule mteremko ulikuwa mtupu, unawangoja kama kila siku. Halfani hakuugeukia. Alipandisha gari mpaka mlangoni, pale palipo sawa, hatua chache kutoka kitanda cha magurudumu, akazima injini.

Dominika alipotoka tena, mikono yake ikinuka dawa, alikuta milango ya gari iko wazi na ndani hakuna taa. Halfani alikuwa amekaa ngazini, Alois pembeni yake.

"Wa kike," alisema Dominika. "Analia mpaka anakera. Mama yake anamwambia anyamaze, naye hataki."

Alois aliinama akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Halfani alimwekea mkono mgongoni. Dominika alichungulia ndani ya gari lenye giza, kwa mazoea, kutafuta kishikio kwa vidole.

"Nimeshakisimamisha," alisema Halfani. "Kesho Jumatatu."